Sambusa ya Kuonjea Chumvi

"Umbo lako lina tundu," kompyuta ilisema kwa mara ya tatu, na Kafiya akatamani kuizaba kofi.

Kufikia magharibi alitakiwa awe ametuma umbo la tairi lililoungwa kwa pembetatu kumi na nne, bila upenyo hata wa sindano. Likikubaliwa, lingewekwa ndani ya programu ya hisabati aliyokuwa akiitumia, liwe mfano wa kujifunzia kwa wanafunzi wa hisabati kokote waliko. Ili asijichanganye, alikuwa amepanga sambusa mbichi za mama yake kwenye sinia pale uani, ncha kwa ncha, akaziingiza kwenye kompyuta mojamoja.

"Mtaa mzima wa Noonkopir, ni sambusa zangu tu zinasomeshwa," mama yake alitania kutoka jikoni, mafuta yakichemka.

Kafiya akainamia sinia. Katikati ya sambusa, kwenye unga ulionyunyizwa zisigande, bati lilikuwa liking'aa kwa umbo la pembetatu, safi kama limelambwa.

"Hooyo," akamwita mama yake, "nani amechukua moja hapa?"

"Nimemkaangia jirani, yeye hafungi, atuonjee chumvi. Ama ulitaka nivunje saumu kwa sababu ya tairi yako?"

Kafiya akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akaandika pembetatu iliyokosekana. Safari hii kompyuta ikajibu kwamba umbo limefungika lote.

Hapo jirani akachungulia juu ya ukuta, midomo ikimeta mafuta. "Mama Kafiya, chumvi naona iko sawa. Lakini kwa moja siwezi kuapa. Niongeze ingine."

Kafiya akabonyeza kutuma kabla mkono wa mama yake haujafika kwenye sinia.