Mtaro Uliopinda

Mzee Sheshe alishuka shambani na panga mkononi. Kijiji kilikuwa kwenye msaragambo, kila kaya ikichimba hatua kumi za mtaro wa kupitishia mkongo wa intaneti, na yeye alishaapa hachimbi. "Sisi tutoke jasho, wakubwa wale," aliwaambia mkutanoni. Sasa kasikia mwenyekiti kauelekeza mtaro kwenye kaburi la mkewe. Kumkomoa tu.

Alipofika, akasimama.

Mtaro ulikuja umenyooka kama kamba, ukafika kwenye migomba, ukapinda. Walikuwa wamepasua mwamba ili walizunguke kaburi. Hata zile hatua zake kumi zilishachimbwa.

Mwenyekiti alikuwa mle mtaroni, viganja vimetoka malengelenge.

"Shikamoo, mgosi. Utusamehe kwa kuingia bila hodi. Kaburi hatukuliona upesi, majani yalilifunika. Ikabidi tupalilie kwanza."

Sheshe akatazama. Udongo ulikuwa safi, na masale mabichi, alama ya kaburi, yamechomekwa pembe zote nne. Mwaka wa tatu huo tangu azike, yeye hakuwahi kung'oa hata jani moja.

"Marahaba," alisema, akalificha panga nyuma ya mgongo.