Herufi za Kijivu

Tangu vidole vyake vianze kutetemeka, Zawena alikuwa akiwahi kazini kabla ya wenzake. Pampu za maji za mji mzima ziliendeshwa kwa amri alizoandika kwenye kompyuta, na herufi moja ikikosewa, mtaa mzima ungeweza kukosa maji. Hakutaka mtu amwone akifuta na kuandika upya.

Asubuhi hiyo alimkuta Mkude, fundi wa kompyuta, ameshafika.

"Nimebadilisha programu ya kuandikia amri, dada," alisema Mkude. "Hii mpya ina mambo mengi. Hebu ijaribu."

Zawena alisita, kisha akaandika herufi mbili. Mbele yake amri nzima ikajitokeza kwa rangi ya kijivu, ikimsubiri aikubali kwa kubonyeza mara moja tu. Akaanza kuandika nyingine, kidole kikateleza. Neno likageuka jekundu kabla hajaituma amri, na chini yake likatokea neno sahihi.

Akaitazama skrini, akamtazama Mkude.

"Umewawekea na wenzangu?"

Mkude alijifanya anakunja waya. "Nimeanza na yako."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mfungo, dada. Sijamwambia mtu."

Nje, sauti za wenzao zilisikika zikipanda ngazi. Zawena alivuta kiti karibu na meza. Akaweka mikono yote miwili juu ya kibodi, ikitetemeka waziwazi, na mlango ukaanza kufunguka.