Kunde za Bi Rukaya

Mhandisi Lubuva alitandaza ramani mezani, akapitisha kidole juu ya mstari mwekundu. Barabara kuu mpya ingekata mji katikati, njia sita, na ukuta wa zege kila upande. Kivuko hakikupangwa.

"Tulilaza mpira wa kuhesabia magari pale mnapotaka kivuko, wiki nzima," aliuambia mkutano. "Magari yanayokatiza ni kumi na moja tu kwa siku."

Bi Rukaya, anayeuza uji palepale, akasimama na kikapu chake.

"Mpira wenu unahesabu magurudumu, mwanangu. Sisi tunapita kwa miguu."

Akaeleza kwamba wiki ileile, kila aliyekatiza mbele ya jiko lake, yeye alimtilia kunde moja kikapuni: wa shule, wa soko, wa zahanati, hata waliobeba jeneza Jumatano, kila mmoja na yake. Kisha akakipindua kikapu juu ya ramani.

Kunde zikamwagika, zikaufunika mstari wote mwekundu, nyingine zikadondoka sakafuni. Lubuva akaokota moja, akaizungusha vidoleni kwa muda mrefu.

"Nani ana penseli?" akauliza.

Akazisogeza kunde kwa kiganja, akaukata mstari, akachora kivuko. Bi Rukaya akainama kutazama.

"Panua, mwanangu. Jeneza hubebwa na watu sita."

Lubuva akafuta, akachora upya, na ukumbi mzima ukainuka vitini kuutazama mstari mwekundu ukiachia njia.