Buluu Ndani ya Chupa

Pipa la mafuta liliteremshwa kiwanjani bila maandishi yoyote, na mgonjwa alikuwa amekwisha kulazwa ndani ya ndege ndogo ya pangaboi. Nasiche, mtia mafuta, alikinga kidogo kwenye chupa ya kioo, akayazungusha polepole, kisha akampa rubani. Ndivyo walivyofanya miaka kumi na sita: mmoja hukinga, mwingine hutazama.

Kapteni Tindwa aliinua chupa juu. Ndege yake ilitumia petroli iliyotiwa rangi ya buluu. Mafuta ya ndege kubwa za jeti hayana rangi hiyo, na injini yake ikiyanywa itazimika hewani.

"Buluu," alisema. "Tia, mama. Mgonjwa hana muda."

Nasiche hakugusa mpira wa mafuta. Alifungua kitambaa chake cheupe cha kichwani, akakitandaza nyuma ya chupa. Buluu ikaondoka taratibu, kama ndoto mtu anapofumbua macho. Yakabaki mafuta maangavu, yasiyo na rangi yoyote.

"Ulikuwa unatazama mbingu, kapteni."

Rubani alifikicha macho. "Macho yangu yamechoka."

"Si macho. Ni haraka."

Akamwachia kitambaa, akaenda ghalani kutafuta pipa jingine. Alipogeuka mlangoni, alimwona bado ameinua ile chupa, kitambaa kikining'inia begani, na ndani ya kioo wingu dogo likipita bila papara.