Kanuni ya Saba

Kanuni ya saba ilisema kwamba mke asitie neno lolote sufuria ikiwa motoni. Mkaguzi aliiandika kwa wino mwekundu, akaibandika ukutani chini ya zile sita nyingine, kisha akarudi nyuma hatua mbili kuitazama. Aliipenda hasa.

Alikuwa amekagua shule kwa miaka thelathini na mmoja, na kustaafu hakukumponya. Sasa alikagua bia. Aliipika mwenyewe, jikoni kwa mkewe, na mara mbili mfululizo ilikuwa imemfurikia. Alipotia tu hopsi, yale maua makavu yanayoipa bia uchungu wake, povu lilipanda likavuka ukingo, likazima moto na kuteremka hadi chini ya jiko. Shira ya kimea cha shayiri, ile nzito inayouzwa kwenye makopo na ambayo ndiyo bia yenyewe kabla haijawa bia, ikiungua hunata vibaya sana. Mkewe aliikwangua kwa kisu siku mbili nzima, na sisimizi wakahamia na ukoo wao wote.

Mara zote mbili Mkaguzi alitoa hukumu ileile: mke alimsemesha.

Ndipo mke alipochoka. Alimwambia kwamba ikifurika mara ya tatu, sufuria itakuwa yake yeye, ataloweka mapazia, na habari ya bia itakuwa imekwisha katika nyumba hiyo. Mkaguzi alikubali papo hapo, ila naye akatoa sharti: isipofurika, mke akiri mbele ya kaka yake mkubwa kwamba kosa lilikuwa mdomo wake. Halikuwa jambo dogo. Shemeji alikuwa anastaafu mwezi ujao, na Mkaguzi, ambaye hajawahi kuahidi kidogo, alikwisha kutangaza kwa ofisi nzima ya shemeji kwamba bia ya sherehe itatoka mikononi mwake. Akipoteza jiko, uso wake ataupeleka wapi?

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi shemeji aliitwa awe shahidi. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, amekunja mikono. Mke alisimama kwenye sinki, amevaa aproni.

Mkaguzi alijiandaa kama anayekwenda kupasua mtu moyo. Alileta sufuria kubwa kupita zote, ili povu likipanda lipate nafasi. Alijaza maji baridi kwenye chupa ya kupulizia. Hopsi alizipima akazigawa mafungu sita, maana safari hii angetia kidogo kidogo. Saa ya mezani aliiweka juu ya kopo kubwa lililokuwa pale mezani, ili iwe sawa na macho yake. Alipangusa mwiko, akaupangusa tena, kisha akamimina maji na kuwasha moto.

"Huhitaji kitu kwenye droo?" mke akauliza.

Mkaguzi hakugeuka. Aliinyooshea kidole kanuni ya saba. Mke akatazama ukuta, akafungua droo mwenyewe, akachukua kitu, akakitumbukiza kwenye mfuko wa aproni.

Sufuria ilipoanza kutokota, mke alikohoa kidogo. Kidole kikapanda tena ukutani.

Shemeji ndiye aliyevunja ukimya, kwa kuwa kanuni haikumtaja. Alisema mara iliyopita alisikia harufu tangu getini, nyumba nzima ilinukia kama mkate unaoiva, mbona leo hakuna?

"Harufu ni utamu unaotoroka, shemeji," Mkaguzi akamjibu. "Moto ukipata mtu wa kuutawala, kila kitu kinabaki ndani."

Shemeji akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Mke akageukia sinki, mabega yakimtikisika, na Mkaguzi akamhurumia. Alidhani analia.

Akatia fungu la kwanza la hopsi, chupa ya kupulizia mkononi, jicho halipepesi. Hakuna kitu. Akatia la pili. Sufuria ilichemka kwa adabu, kama darasa lililoona gari la mkaguzi langoni. Ilipofika la nne alianza kupiga mluzi. Baada ya la sita aliipulizia maji baridi hivyo hivyo tu, isije ikajisahau.

Saa ilipolia, alizima moto, akatoa leso nyeupe mfukoni na kuipitisha kwenye jiko lote, pembe hadi pembe. Akaikunjua mbele ya mkewe. Haikuwa na doa.

"Haya," akasema. "Kaka yako anasikiliza."

Mke akafuta mikono. Akasema wazi, bila kununa, kwamba sufuria haikufurika hata tone, na kwamba haikufurika kwa sababu leo yeye alinyamaza. Shemeji akainuka kumpa Mkaguzi mkono, akamwambia ofisi nzima inaisubiri hiyo bia kwa hamu. Mkaguzi alivimba kichwa hata miwani ikambana.

"Na umejifunza nini?" akamuuliza mkewe, kwa ile sauti iliyowahi kuwaliza walimu wakuu.

"Kwamba kanuni ni kanuni. Sasa naruhusiwa kusema?"

Mkaguzi, ambaye ushindi ulimfanya mkarimu, akabandua kanuni ya saba ukutani na kumkabidhi.

"Sema, mke wangu. Sema chochote."

Mke aliikunja karatasi. Alikwenda mezani, akaishusha saa kutoka juu ya kopo, akaligeuza kopo mpaka picha ya suke la shayiri ikawaelekea wote wawili. Kisha akatoa ufunguo wa makopo kwenye mfuko wa aproni, akauweka taratibu juu ya kifuniko ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekifungua.