Bakuli Lisilo na Kitunguu

Harufu ya supu iliwavuta wageni, wakaketi kwenye kibanda cha kando ya njia kabla Thoa, aliyekuwa akiwatembeza, hajaweza kuwapitisha haraka. Njiani, katika mitaa ya Hanoi, alikuwa amejigamba kwao kwamba mama yake ni mwalimu.

Muuza supu akaleta mabakuli ya tambi. Yote yalikuwa na majani ya kitunguu, isipokuwa la Thoa, ambaye hakuwa ameagiza lolote.

"Kumbe mnajuana?" mgeni mmoja akauliza.

"Wapi! Simjui kabisa huyu," Thoa akajibu.

Muuza supu, mama yake, akafuta meza iliyokuwa safi tayari.

Wageni wakakumbuka adabu aliyowafundisha Thoa mwenyewe: hapa mtu hali kabla ya kumkaribisha mkubwa wake. Wakamgeukia muuza supu kwa furaha.

"Mama, karibu tule!"

"Kuleni, wanangu."

Akabaki amesimama na kitambaa mkononi, akisubiri sauti moja zaidi.