Adabu ya Kokushubila

"Shangazi kakaa kulia," Penina alitangaza mlangoni, na ukoo mzima ukaaibika upya.

Mtoto gani wa Nshamba hutangaza wakubwa kama tarishi wa barazani? Tena anawakodolea macho, huku kamng'ang'ania dada yake mkono. Dada mtu, Kokushubila, alipiga magoti, akalaza kichwa upande. "Kamilembe waitu," aliamkia taratibu, bila kuinua macho. Wageni waliridhika. Huyu alikuwa amelelewa.

Hata ngozi yake ilikuwa na heshima. Alizaliwa na mabaka ya rangi ya kahawa, kama marehemu mama yake. Baba yao, Bartholomayo, mkulima wa kahawa, aliona hilo ni jambo la haki kabisa.

Mwaka ule adabu ilimzidi. Kichwa kililala upande zaidi. Vijana walimpungia mkono barabarani, asiwatazame, na wazee wakamtolea mfano kanisani.

Penina ndiye aliyekuwa tatizo. Samaki mmoja akioza, wote wameoza, kwa hiyo Shangazi Anatolia aliamua kumchukua akakae kwake mjini Bukoba, asije akamwambukiza mwenzake. Penina aliogopa, akalia mpaka sauti ikamkauka.

"Tata, nani atakwenda na dada kisimani?"

Bartholomayo alicheka. Msichana mkubwa vile, mwenye akili zake, apelekwe kisimani?

Lakini baba ni baba. Kabla ya kumkabidhi mtoto, alimpeleka hospitali Bukoba, maana ufidhuli wa namna ile huenda ukawa ugonjwa wa kichwa. Kokushubila naye alichukuliwa, ili daktari Mwingereza apate kuona mtoto mzima anavyokuwa.

Daktari alimpima Penina kwa makini. Akasema hana ugonjwa wowote.

"Basi ni ukaidi tu," alisema shangazi. Akamshika Penina mkono na kumtoa nje, akafunga mlango nyuma yao.

Bartholomayo alibaki na aibu yake, akatafuta cha kuifutia. Akamgeukia binti yake mwingine, aliyekuwa amesimama ukutani.

"Kokushubila mwanangu, hebu muamkie daktari."

Daktari alikuwa dirishani, ananawa mikono, anatabasamu. Kokushubila alisogea hatua chache, akapiga magoti, akalaza kichwa, na kwa unyenyekevu wote aliofundishwa akaliamkia koti jeupe lililotundikwa mlangoni.